Vidole Vinne

Nilikuwa nimeahidi kutousema vibaya mji ule mpaka saa kumi jioni. Saa tatu na robo asubuhi, tukiwa bado stendi, ulimi ulishaanza kuniwasha.

Geti la stendi lilikuwa limeliwa na kutu mpaka chini limebaki meno. Mtu alikuwa amelipaka rangi ya kijani juu ya kutu ileile bila kuisugua, kama anayejipaka manukato bila kuoga. Nikafungua mdomo. Mke wangu akanitazama. Nikaufunga.

"Hivyo hivyo," akasema. "Unaweza."

Mambo yalikuwa hivi. Mke wangu ni fundi cherehani, lakini si wa nguo. Anashona vitu vizito: mahema, maturubai ya malori, viti vya magari. Wiki mbili nyuma, mama mmoja mwenye karakana ya mahema katika mji ule wa pwani alimpigia simu. Alikuwa anatafuta mkataji mkuu, mtu wa kusimama mezani na mkasi akisema hapa, watu wakashona hapo. Aende saa nane mchana ajaribiwe, na akifaulu atoe jibu palepale, kwa sababu kuna wengine wawili wanaisubiri nafasi hiyo.

Kutoka kwetu ni mwendo wa saa nne kwa basi. Si mahali pa kwenda kazini na kurudi kulala nyumbani.

Nilimuuliza, "Na mimi nikikataa?" Alikuwa anaosha vyombo, wala hakugeuka. "Basi Jumapili moja nitakuja kwako, na nyingine utakuja kwangu." Miaka ishirini na moja ya ndoa, akaipangia zamu kama walinzi wa benki.

Watoto wetu wawili wameshaondoka nyumbani. Tumebaki yeye, mimi, na karakana yangu ya mageti uani. Niliacha shule darasa la sita, nikashika mashine ya kuchomelea, na tangu hapo sijaomba mtu kazi. Nina wateja wanaonisubiri miezi miwili. Kwa hiyo mbele yangu palikuwa na njia mbili: nihame nianze upya mahali ambapo hakuna anayejua geti langu, au nibaki na nyumba ya vyumba vitatu nikizungumza na sufuria. Na nilijua atafaulu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

"Twende wote asubuhi," alikuwa ameniambia. "Tuuzunguke kwa baiskeli na kwa miguu, uuone kwa macho yako. Usiseme kitu mpaka saa kumi. Saa kumi sema unalotaka."

Tukakodi baiskeli karibu na stendi. Mwenye baiskeli, mzee aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, alimtazama mke wangu akipanda na kuzunguka mara moja bila kuyumba.

"Mama anajua," akasema. "Na baba?"

"Baba ana nguvu," mke wangu akajibu.

Sikupenda lile jibu, lakini nilipopanda nililielewa. Yeye aliendesha baiskeli kwenda shule miaka saba. Mimi baiskeli kwangu ni kitu cha kubebea mabomba. Kiti kilikuwa chembamba kama ulimi wa kiatu, na kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno.

Tulipita barabara ya baharini, tukaingia mitaa ya ndani ambako nyumba zimebanana na nguo zinaanikwa madirishani. Yeye alikuwa anasimama kila mara. Ona mlango ule. Ona ngazi zile. Ona paka amelala dirishani kwa kinyozi kama ndiye anayefuata kunyolewa. Mimi nilikuwa naona chuma. Upepo wa bahari ulikuwa umeacha chumvi kwenye midomo yangu kabla ya saa nne, nikafikiria chumvi hiyohiyo inafanya nini kwenye bawaba. Nina tabia mbaya: nikipita geti, nalishika na kulitikisa. Siku ile nilitikisa mageti kumi na mawili. Mawili tu ndiyo yaliyokaa kimya.

"Mzee, utakamatwa," mke wangu akasema.

"Sijasema kitu."

"Mikono yako inasema."

Saa tano tulikwenda kuona vyumba. Alikuwa ameelekezwa kwa mama mmoja mwembamba aliyepangisha vyumba viwili vya nyuma. Cha kwanza kilikuwa na dirisha kubwa, sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta, na ukuta mmoja uliovimba maji kwa chini. Cha pili kidogo, kitanda kikiingia mlango haufunguki wote. Mke wangu alipima kwa hatua: hapa cherehani, hapa meza, hapa kabati. Alisema "cherehani yangu." Kitanda alikiita tu "kitanda." Nilisikia.

Mimi nilikwenda dirishani nikashika nondo. Nikatikisa. Ile ya katikati ikabaki mkononi mwangu.

Mwenye nyumba akaitazama nondo, akanitazama mimi. "Bwana, umekuja kupanga au umekuja kubomoa?"

"Ilikuwa imekwisha, mama."

"Imekaa hapo miaka tisa haijamwambia mtu kwamba imekwisha."

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akaomba radhi kwa niaba yangu, akasema atapiga simu jioni kutoa jibu. Niliirudisha nondo kwenye tundu lake ikasimama kwa kuegemea. Nilijiona mjinga, na mjinga aliyesema kweli, jambo ambalo ni baya zaidi.

Saa saba tulikaa kwenye ukuta wa baharini tukala mkate na mayai tuliyokuja nayo. Yeye alikaa. Mimi nilikula nimesimama, nikazunguka, nikarudi, nikazunguka tena.

"Una nini, umeingiwa na siafu?"

"Kiti cha baiskeli."

Hakuniamini, lakini aliniacha. Karakana ilikuwa mwisho kabisa wa barabara ile, dakika ishirini kwa baiskeli, karibu saa nzima kwa miguu. Saa saba na dakika kumi alichukua mfuko wake akaingia mgahawa wa ng'ambo ya barabara kunawa uso na kubadilisha blauzi.

Sasa niseme nilichofanya. Sitakipamba.

Baiskeli zile zilikuwa na vali za kizamani. Unafungua nati, unachomoa kijiti, na kwenye kijiti kuna kimpira chembamba kama utumbo wa kifaranga. Hicho ndicho kinachozuia upepo usirudi nje. Kikikosekana, pampu hata ya dhahabu haikusaidii. Niliinama kwanza kwenye baiskeli yake. Niliishika nati ya tairi lake la nyuma. Vidole vyangu vimefungua nati maelfu, vikaikataa ile. Nikahamia kwenye yangu. Upepo ukatoka ukipiga mluzi, nikakichomoa kimpira, nikakitupa baharini, nikafunga nati kama ilivyokuwa.

Akarudi amevaa blauzi nyeupe, mkasi wake mkubwa umefungwa kwenye kitambaa chini ya kwapa.

"Tairi limeisha upepo," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Alichukua pampu iliyokuwa kwenye baiskeli yake akanipa. Nikapiga. Upepo ukaingia, ukatoka. Akanisogeza pembeni, akafungua nati mwenyewe, akachomoa kijiti akakiinua kwenye mwanga.

"Kimpira hakipo."

"Labda kilikuwa kimechakaa."

"Kikachakaa, halafu kikaenda kuogelea?"

Nikainama kuitazama rimu.

"Wewe," akasema taratibu, "unayeamshwa usiku na bawaba ya jirani, tairi lako limekufa chini ya pua yako, hukusikia?"

"Tutembee wote. Ukichelewa utawaambia ukweli, baiskeli iliharibika."

"Ukweli," akasema, kama mtu anayeonja chumvi.

Akatazama saa kwenye simu. Akaufunga mkasi nyuma ya kiti, akapanda baiskeli yake.

"Mlango wa bluu, mwisho wa barabara. Utanikuta."

Akaenda. Nilikuwa sijalifikiria hilo hata mara moja. Katika hesabu zangu zote, mke wangu alikuwa ananisubiri. Nilisimama nimeshika baiskeli mbovu niliyoiharibu kwa mkono wangu, nikaitazama blauzi nyeupe ikipungua barabarani, na nikaona vizuri sana jinsi maisha yangu yatakavyokuwa. Nikaanza kukimbia. Mtu wa miaka hamsini na mbili, tumbo mbele, anakimbia na baiskeli isiyo na upepo, rimu inagonga lami kaka-kaka-kaka. Wanawake wawili waliokuwa wanauza matunda walinyamaza nilipopita. Nilipowapita nikasikia mmoja akisema, "Si aipande?" Mwenzake akamjibu, "Labda leo baiskeli ndiyo inayompanda yeye."

Nilifika saa nane na robo, shati limeganda mgongoni. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Nyuma yake kulikuwa na uwanja, na uwanjani watu kama wanane wamesimama kimya. Ukimya ule naujua. Ni wa kazi iliyogoma.

Katikati ya uwanja kulikuwa na fremu ya kivuli cha mgahawa: bomba la mraba, mita sita kwa nne, limesimamishwa juu ya nguzo nne, juu kuliko mtu anavyofikia kwa mkono. Juu yake walikuwa wametandika turubai jipya. Kona tatu zilikaa. Ya nne ilikuwa imevutwa ikashindwa kufika, na turubai lote limekunjamana kuelekea kule kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Mke wangu alikuwa amesimama chini ya ile kona. Mwenye karakana, mama mnene wa miaka sitini waliyemwita Mama Hema, alikuwa amejishika kiuno.

"Mkataji wangu alilikata hili mara mbili," alikuwa anasema, "na mara mbili halikukaa, tukagombana, akaondoka. Nimekwambia likate likae. Wewe unaniambia nini?"

"Nakwambia hajakosea," mke wangu akasema. "Turubai liko sawa. Fremu ndiyo imekwenda upande."

"Fremu yangu?" Hiyo ilikuwa sauti ya mdogo wake Mama Hema, jamaa mwenye kifua kama pipa na miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji. "Dada, nimeipima mbele yako. Sita na sita. Nne na nne. Pande zote zinalingana. Huyu anatafuta pa kujifichia."

"Pande zinalingana. Kona je?"

"Kona ni kona."

Hapo mke wangu akaniona. Sikuona furaha usoni mwake. Niliona mtu anayehesabu alichonacho mfukoni.

"Yule ni mume wangu," akasema. "Ni fundi chuma miaka thelathini na tano. Apime yeye."

Pipa akacheka. "Mumeo! Si atasema unachotaka aseme?"

Mama Hema alinitazama kuanzia viatu mpaka jasho. "Shemeji, futi yetu ndefu imekwenda na vijana kazini. Iliyopo ni ya mita tano. Utaweza?"

"Nipe kamba," nikasema.

Fremu inaweza kuwa na pande sawasawa na bado ikawa imelala, kama boksi tupu ulilosukuma kwa bega. Pande hazikwambii. Kinachokwambia ni kona kwa kona: unavuta kamba kutoka kona hii mpaka ile inayotazamana nayo, unafunga fundo, unakwenda kupima kona mbili nyingine kwa kamba ileile. Fundo likifika palepale, fremu ni nzima. Lisipofika, fremu ni mgonjwa. Kamba haina shemeji.

Turubai likashushwa. Pipa alipanda ngazi upande mmoja, mimi upande mwingine. Kona mbili za kwanza: nikavuta, nikafunga fundo. Tukashuka, tukahamisha ngazi, tukapanda tena. Yeye akashikilia mwanzo wa kamba kwenye kona yake, mita saba mbele yangu, jua likimpiga machoni. Mimi nikavuta mpaka ikakaza.

Fundo likaja nje ya kona. Nikaweka vidole juu ya bomba: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Vinne kamili.

Mke wangu alikuwa amesema kweli. Na juu pale hakuna aliyekuwa anaona isipokuwa mimi. Watu wote walikuwa chini. Pipa alikuwa anaona kamba iliyonyooka, basi. Ningelegeza mkono vidole vinne tu, nikasema "sawa," Pipa angepiga makofi, Mama Hema angesema pole mama, umejitahidi, na saa kumi tungekuwa kwenye basi. Angelia kidogo njiani. Kesho yake angeamka kitandani mwangu.

Sijawahi kusema uongo juu ya chuma. Nimewahi kuwadanganya watu juu ya siku nitakayomaliza, kila fundi hudanganya hapo. Lakini chuma kikiwa kimepinda husema kimepinda, hata kama nimekipinda mwenyewe. Nilimtazama mke wangu kule chini. Hakuwa ananiomba kwa macho. Alikuwa ameshafungua kitambaa akatoa mkasi, anaufuta kwa pindo la blauzi yake nyeupe, kama mtu anayejua kazi inakuja, iwe hapa au kwingine.

"Imelala," nikasema. "Vidole vinne."

"Uongo!" Pipa akapiga kelele.

"Njoo ushike wewe. Mimi nitakwenda huko kwako."

Akaja. Tukabadilishana. Akalikuta fundo palepale. Alilitazama, halafu akashuka ngazi, akashusha miwani machoni ingawa hakukuwa na cha kuchomelea.

Mama Hema hakumtazama. Alimgeukia mke wangu. "Sasa?"

"Sasa una njia mbili, mama. Aivunje ainyooshe, siku tatu. Au nikate turubai jingine lilale kama fremu ilivyolala, saa moja. Kwa mbali hakuna atakayejua."

"Kata."

Nimekaa na mke wangu miaka ishirini na moja na nilikuwa sijawahi kumtazama akikata. Nilikuwa namsikia tu kupitia ukuta: mkasi, redio, mkasi. Aliomba meza ndefu na chaki. Alipiga mistari miwili, akaitazama, akafuta mmoja. Halafu akapitisha mkasi mita sita bila kusimama, na watu wa uwanjani waliokuwa wananong'ona wakaacha. Lilipotandikwa likakaa kona nne, bila mkunjo.

"Unaanza lini?" Mama Hema akauliza.

"Tarehe moja," mke wangu akasema. Hakunitazama kabla ya kusema. Wala baada.

Mama Hema aliniuliza kama ningependa kubaki nimsaidie mdogo wake kwenye fremu. Nikamwambia huyo mdogo wake asiniambie nimsaidie, aniambie kwanza nani alimfundisha. Pipa akasema, "Na wewe nani alikufundisha adabu?" Hatukuagana vizuri.

Tulirudi kwa miguu, kila mmoja anasukuma baiskeli yake. Saa kumi ilifika tukiwa njiani.

"Saa kumi," mke wangu akasema. "Sema."

"Mji mbaya. Unakula chuma. Geti langu la miaka thelathini litaishi hapa miaka sita."

"Sawa. Nimesikia." Tukatembea. "Kule juu ulinyamaza."

"Nilikuwa napima."

"Mzee, wewe kipimo unakisoma kabla jicho halijapepesa. Ulikuwa unafikiria kusema ni sawa."

Ningeweza kukataa. "Ndiyo."

"Muda gani?"

"Muda wa kuona tumerudi nyumbani, umelia, umenyamaza, umeweka chai."

"Mpaka chai!" Alicheka, lakini si kile kicheko cha asubuhi. "Na kimpira?"

"Kiko baharini."

"Hilo najua. Nauliza kwa nini ulifungua tairi lako. Ungefungua langu, ungenizuia."

"Lako nililishika. Mkono ulikataa."

Tukasukuma baiskeli mpaka kwenye duka la vyombo, lenye ndoo na mabeseni yamepangwa nje mpaka barabarani. Akasimamisha baiskeli.

"Nitakuja peke yangu," akasema. "Usikasirike, nisikilize. Sikwambii usije. Nakwambia sitakuvuta. Ukija, uje mwenyewe, umeshamaliza kufikiria. Nikikuvuta, kila geti litakalooza katika mji huu litakuwa kosa langu."

"Na nikichelewa?"

"Utachelewa. Nakujua."

Akaingia dukani. Nilimsikia akiomba ndoo moja, sufuria moja ndogo, sahani moja, kikombe kimoja. Muuza duka, kijana mchangamfu, akamuuliza, "Mama, kimoja tu? Yule baba mlangoni hanywi chai?"

"Muulize mwenyewe," akasema, akafungua pochi.

Kijana akanigeukia. Nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta. Vikombe vilikuwa vya bati, vimepangwa kwenye rafu ya chini. Nikachuchumaa, nikaanza kuvigeuza kimoja kimoja, nikitazama mahali mkono ulipounganishwa.

"Vyote vizima, baba," kijana akasema.

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Bado natazama."